Farasi wa Tango, Ng'ombe wa Biringani

Ukifika Mawaleh, kitongoji cha Maskati, ukamuuliza mtu yeyote habari za Thani bin Bakhit, jibu utakalopata ni moja: hana neno. Imamu atakwambia hivyo, muuza mikate atakwambia hivyo, na jirani yake ambaye kwa miaka minane ameegesha gari mbele ya geti la Thani atakwambia hivyo huku anacheka. Wote wanamsifu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza maneno ya mzee huyu yamekwenda wapi.

Kunyamaza alifundishwa mapema. Mwaka wa mapinduzi, huko Unguja, alikuwa na miaka saba. Watu wenye mapanga walipoingia uani wakamuuliza mjomba wake yuko wapi, mama yake alikuwa keshamkanya: usiseme neno. Walimpiga kofi, hakusema. Walimpiga la pili, hakusema. Mjomba alikuwa darini, amelala kifudifudi juu ya magunia, na alipona. Ukoo mzima ukamshukuru Thani kwa mdomo wake, na mtoto akisifiwa kwa jambo moja hulishika kwa mikono miwili.

Familia ilihamia Maskati katikati ya miaka ya sabini. Thani akapata kazi ya kutunza stoo ya karatasi na mihuri katika ofisi moja ya serikali kule mji wa zamani, ndani ya kuta, akakaa nayo miaka thelathini na moja. Wenzake walipandishwa vyeo, yeye akawapigia mihuri barua zao za vyeo. Alimuoa Hamdiya, binti wa familia iliyokuwa na duka Tabora, mwanamke aliyejaaliwa maneno ya kuwatosha wote wawili. Baada ya miaka tisa ya dawa na dua walipata mtoto mmoja, Hatem, na hawakupata mwingine.

Hatem alisoma, akashinda nafasi ya serikali ya kwenda Japani, akakaa huko miaka sita. Alirudi na shahada ya uinjinia, na mke. Mke mwenyewe aliitwa Chizuru. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na alikwisha kutoa shahada ya Kiislamu katika msikiti mdogo wa huko kwao kabla ya nikaha. Hamdiya alisusa chakula siku tatu. Siku ya nne alikula, akampa mkwe wake jina la Zuhura, na kwa jina hilo akamkubali.

Mwenye kuifanya nyumba ile iwe nyumba alikuwa Hatem. Kwa akina Chizuru kila msimu una siku yake, na Hatem hakutaka hata moja impotee mkewe. Mwanzoni mwa Februari ilikuwa siku ya kufukuza mabaya. Hatem huvaa kinyago cha shetani mwenye pembe, akapita vyumbani ananguruma, na binti yao Noof humrushia soya zilizokaangwa mpaka atoke nje. Hamdiya aliipenda siku hiyo kuliko wote. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ubani na chumvi ya mawe dhidi ya vijicho vya watu, kwa hiyo soya hazikumshangaza. Alipiga vigelegele, kisha akalalamika kwa kufagia.

Mwezi wa Machi walipangwa wanasesere kwenye ngazi ya kitambaa chekundu, mfalme na malkia juu, kwa kuwatakia heri watoto wa kike. Hatem alipoeleza kwamba wanasesere wakichelewa kuondolewa baada ya siku yao, binti naye huchelewa kuolewa, Hamdiya hakulala vizuri. Kesho yake asubuhi kabla ya chai alikuwa na boksi mkononi. "Mambo ya kuchelewesha mume mie siyataki nyumbani kwangu," alisema, na mfalme akaingia boksini kichwa chini. Julai walitundika vikaratasi vya rangi kwenye mlimau wa uani, kila mtu na haja yake. Thani naye aliandika. Aliandika "afya," maana hata kuomba alikuwa anaomba kwa uchache.

Kila siku kama hizo Hatem alikaa katikati, upande huu mama yake na upande huu mkewe, akamweleza kila mmoja jambo la mwenzake mpaka likamkaa moyoni. Hakuna aliyeona kwamba ile ilikuwa kazi, wala kwamba kazi hiyo haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya.

Aprili zilinyesha mvua siku tatu. Hatem alikuwa anarudi kutoka kazini upande wa Sur, na maji ya wadi, bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha, yakaichukua gari pamoja naye. Walimpata siku ya pili, mbali kule chini, kwenye mizizi ya mgunga. Thani alimwosha mwenyewe. Mchanga ulikuwa umejaa masikioni, na kila ukitolewa unatoka mwingine. Aliosha, akakausha, hakulia, na waliosimama pale walisema, tazama subira ya mzee huyu. Haikuwa subira. Alikuwa na jambo la kumwambia mwanawe na hakujua lianzie wapi.

Chizuru alikaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje ya nyumba, hakupaka wanja, hakuvaa rangi. Wanawake waliokuja kumpa pole walimtazama kama anavyotazamwa mtu anayetembea juu ya ukuta, wakingoja aanguke. Hakuanguka. Lakini kila siku mama yake alimpigia simu kutoka Japani, na Thani, ingawa hakujua lugha ile, alijua sauti ya mama anayemwita mwanawe nyumbani.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Noof alikuwa na miaka sita, ana macho ya mama na cheko la baba, na ndiye pekee aliyebaki wa Hatem duniani. Kisheria Thani ndiye walii wake. Bila saini yake mtoto hatoki Oman, na wapo wazee ambao wangeikalia saini hiyo na kulala usingizi. Thani hakuwa mtu wa namna hiyo. Siku chache kabla ya eda kwisha alibisha hodi chumbani kwa mkwe wake, akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

"Mwanangu, kaa na sisi. Mmoja keshaondoka. Mkiondoka na nyie, mie na mama yako tutabaki kutazamana kuta."

Chizuru aliinua uso. Kiswahili chake kilikuwa cha Hatem, neno kwa neno.

"Ntakaa, Baba. Noof kwao ni hapa. Lakini nna ombi moja. Kwetu, katikati ya Agosti, siku nne, waliokufa wanarudi kuwatazama watu wao. Mwaka wa mwanzo ndo mkubwa kabisa. Tunawasha moto mdogo mlangoni wasipotee njia. Tunawatengenezea farasi wa tango, ili waje mbio. Na ng'ombe wa biringani, ili wakirudi warudi polepole."

Thani akaushika mwimo wa mlango.

"Nnajua Muislamu hasemi hivi," Chizuru akaendelea. "Mie siabudu kitu, Baba. Nnamngoja tu. Mama yangu alimngoja baba yangu hivi hivi. Nipe siku nne hizi, mie ntakupa miaka yote."

Thani alikuwa na hotuba za Ijumaa za nusu karne kichwani, na alilijua jibu lake. Jibu lilikuwa la. Lakini ile kauli ya kuja mbio ilimkata maini. Akasema, "Mambo hayo tusimwambie mama yako Hamdiya." Akadhani ameshapanga.

Soko kuu la mboga, ambalo zamani alikuwa akilifikia kwa miguu, lilikuwa limehamishwa mbali. Akaenda kwenye duka la mboga la mtaani. Alipekua matango mpaka akapata lililopinda mgongo na kuinua shingo. Muuzaji akamuuliza kilo ngapi. Moja, akasema Thani, tango moja, na biringani moja. Muuzaji akacheka akamzawadia yote mawili.

Hamdiya alikuwa Wattaya siku hizo, kwa wifi yake Muhsina, dada wa Thani, aliyekuwa ametoka kupasuliwa jicho. Chizuru alivunja vijiti vya mishikaki vipande vifupi. Noof alilitia tango miguu minne, na farasi akasimama sawasawa. Ng'ombe alipewa Thani. Mguu mmoja aliutia juu sana, ng'ombe akawa anachechemea, na Noof akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa hajacheka tangu Aprili. Thani aliuchomoa mguu ule, akautia vibaya tena kwa makusudi.

Baada ya magharibi waliwasha moto getini, ndani ya chetezo cha Hamdiya, na mpita njia yeyote angedhani ni ubani. Kisha Thani aliingia peke yake katika chumba alichokuwa akisomea Hatem, wanyama wawili wamewekwa mezani pembeni ya picha. Alifunga mlango. Alikaa kwenye kiti cha mwanawe.

"Hatem," akasema. "Umefika, baba?"

Hakujibiwa. Lakini alikaa pale akazungumza. Alimwambia habari za mchanga wa masikioni. Alimwambia kwamba siku alipoaga kwenda Japani alitaka kumkumbatia, akaona haya mbele ya watu. Aliongea karibu saa nzima, mtu asiye na neno, na alipotoka alikuwa mwepesi. Alfajiri, akiwa safu ya mbele msikitini, wepesi ukageuka aibu. Yeye, haji, mwenye mvi, amekaa anazungumza na maiti kupitia mboga! Akaapa moyoni kwamba hakuna binadamu atakayelijua.

Siku ya tatu Hamdiya alirudi, amefuatana na Muhsina mwenye miwani myeusi. Eda ilikuwa imekwisha, akataka kutoa sadaka nguo za marehemu. Akafungua mlango wa chumba kile.

"Yarabi! Yarabi! Wifi, njoo uone!"

Joto la Agosti lilikuwa limefanya kazi yake. Tango lilinywea, biringani lilijikunja ngozi na kutoa maji kwenye matundu ya vijiti. Vilikuwa pembeni ya picha ya Hatem, vimechomwa vijiti pande nne. Muhsina alisogea na jicho lake moja.

"Usiguse kwa mkono," akasema. "Hapa kafungwa mtu."

"Keshamuua mwanangu, sasa anamfunga asipumzike!"

Kwamba tango lilikuwa la juzi na Hatem yuko kaburini tangu Aprili haikumsumbua yeyote. Na tumtendee haki Hamdiya, hakuwa mwanamke mbaya. Alimzika mtoto wake wa pekee bila kupata wa kumlaumu, maana mvua utailaumu vipi? Sasa amempata wa kumlaumu, ana mikono miwili na jina, na yumo ndani ya nyumba. Mtu aliyebeba uchungu miezi minne hawezi kuuacha mzigo huo ukining'inia wakati ameonyeshwa pa kuutua.

Waliitana sebuleni. Chizuru alitoka jikoni na mikono yenye maji, Noof nyuma yake. Muhsina alikuwa ameviweka vitu vile juu ya gazeti.

"Nini hichi, Zuhura?" Hamdiya akauliza.

"Ni farasi, Mama. Na ng'ombe."

"Farasi! Mie mtoto mdogo?"

"Ni desturi ya kwetu, Mama. Ya kumngoja Hatem."

"Kumngoja maiti? Astaghfirullah!" Muhsina akarudi nyuma hatua moja.

Chizuru alimtazama Thani. Hakumtazama kwa muda mrefu. Thani alikuwa anatazama maua ya zulia.

Noof ndiye aliyesema. "Bibi, mbona huyu ng'ombe wa Babu! Babu ndo alotia miguu. Anachechemea kwa sababu Babu hajui."

Hamdiya aligeuka polepole. "Baba Hatem. Mtoto anasema nini?"

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili, kweli na mie, na mdomo wake ulishayakusanya. Kisha akaiona safu ya mbele msikitini. Akaiona miwani ya dada yake. Akauona ule uso wa imamu ukimgeukia, na Mawaleh nzima ikisema, kumbe yule mzee.

"Mtoto huyo anasema ovyo," akasema Thani.

Hapo angeweza kuishia, na hapo tu pangetosha kumchoma moto. Lakini aliona Hamdiya bado anamtazama. Akaongeza, "Noof, usiseme uongo."

Noof hakulia. Alimtazama babu yake, akafunga mdomo. Aliufunga kwa namna ambayo Thani aliijua, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo alivyoufunga akiwa na miaka saba, ila yeye alikuwa anamwokoa mtu.

"Ni mimi, Mama," akasema Chizuru, akainamisha kichwa. "Mtoto hajui kitu. Nisamehe."

Muhsina alivibana vitu vile kwa koleo la makaa, akavitia mfukoni pamoja na kilo nzima ya chumvi ya mawe, akasema lazima vikatupwe baharini. Kwa kuwa jicho lake halikumruhusu kuendesha gari, aliyempeleka ni Thani. Njia nzima ya kwenda pwani ya Seeb dada yake alisoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, mfuko uko miguuni, na Thani akaitikia amina. Chizuru alikuwa amemweleza kwamba siku ya nne wanyama wale hupelekwa majini, ndiyo heshima yao. Wamepelekwa siku moja kabla, mbio mbio, na ng'ombe naye. Hilo Thani alilijua peke yake, na alilinyamazia pamoja na mengine.

Tangu siku hiyo nyumba iligawanyika. Hamdiya alimhamishia Noof chumbani kwake. Chizuru alipikiwa chungu chake, na glasi aliyonywea ilioshwa mbali. Haikupita wiki, Mawaleh yote ilijua, na Wattaya ilijua kabla ya Mawaleh. Watoto wa binamu walikuja Ijumaa, wakakataa kucheza na Noof, na mmoja akamwambia sababu. Noof akakaa ngazini peke yake. Thani alipomkaribia na pipi, aliichukua, akasema ahsante Babu, akaiweka chini bila kuifungua.

Jioni moja Chizuru alimfuata Thani uani, karatasi mkononi.

"Baba, mie sitaki unitetee," akasema. "Mama kanichukia, siku moja atapoa. Lakini Noof anaamini yeye ni mwongo. Kila akinipata peke yangu ananiuliza, Mama, kweli niliota? Mwambie Bibi mbele yake. Ukisema, mie nnakaa, hata Mama anipikie chungu mbali mpaka mwisho wa umri wangu. Usiposema, tia saini hapa, nimpeleke mwanangu mahali anapoaminiwa."

Karatasi ilikuwa ruhusa ya mtoto kusafiri. Ndege ilikuwa baada ya siku kumi.

Siku ya tatu Thani alimfuata Hamdiya jikoni, akasimama mlangoni. Hamdiya akamuuliza anataka nini. Akasema anataka maji. Akapewa maji, akayanywa yote, akarudi sebuleni. Siku ya sita, wakati wa chakula cha mchana, Noof yuko hapo hapo na kijiko mkononi, alisema, "Hamdiya, yale mambo." Hamdiya akasema mambo gani, na mtoto akainua macho. "Ya tairi," akasema Thani. "Tairi la nyuma linatoa upepo." Noof akayarudisha macho kwenye wali.

Siku ya tisa alitia saini. Aliitia juu ya boneti ya gari, saini nzuri ya mtu wa ofisi. Alijiambia kwamba anamfanyia hisani mkwe wake, kwamba mwingine angemnyang'anya mtoto. Ilikuwa kweli. Na ilikuwa kweli pia kwamba kutia saini hakuhitaji sauti, ndiyo maana akaiweza.

Aliwapeleka uwanja wa ndege asubuhi, Hamdiya akiwa amekwenda kumsafisha Muhsina jicho, hajui kitu. Masanduku yalipokwisha kushushwa, Noof alimshika kanzu.

"Babu, mie mwongo?"

"La, mjukuu wangu. Weye si mwongo."

"Basi mwambie Bibi."

"Ntamwambia."

"Leo?"

"Leo."

Chizuru alimbusu mkono kama Hatem alivyomfundisha. "Siku utakayosema, Baba, tunarudi," akasema. "Siku hiyo hiyo nnakata tiketi." Kisha wakaingia ndani, na Noof akageuka mara moja tu.

Njiani kurudi Thani aliyasema yale maneno kwa sauti, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hamdiya, mie ndo nlotia miguu. Aliyarudia mara kumi. Alipofika getini yalikuwa yameshalainika mdomoni, na akaingia ndani haraka yasije yakamponyoka.

Hamdiya alikuwa amekaa sakafuni, ameshika ndara za Noof. Jirani alikwisha kumpa habari. Thani alingoja ukelele. Hapakuwa na ukelele. Hamdiya aliinuka kwa shida, akaja, akauweka uso wa mumewe katikati ya viganja vyake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Hatem akiwa mchanga.

"Masikini mume wangu," akasema huku machozi yanamtoka. "Hukujua ulitendalo. Mtu mwenye akili zake hamtoi mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe. Kakutilia kitu yule, na weye ulivyo huna neno, ukanywa."

Kumbe palikuwa na njia ya tatu, na imefunguliwa, imefagiliwa, imewekewa na mto. Alichotakiwa ni kurogwa tu. Viganja vya Hamdiya vilikuwa na joto mashavuni mwake. Yale maneno ya garini yalikuja mpaka kwenye meno.

"Sijui kilinipata nini," akasema Thani.

Akaletewa mwalimu wa kumsomea, Mutasim, mzee wa heshima mwenye sauti nzuri. Alikuja Alhamisi tatu mfululizo. Aya ziliandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na Thani akapewa anywe. Alikunywa. Hamdiya alimpangusa ndevu kwa kitambaa, akamwekea kipande kizuri cha nyama, akamkanda miguu. Watu wa msikitini walimshika mkono kwa huruma, na imamu alimwombea dua. Hajawahi kupendwa namna ile maishani mwake. Kila Alhamisi Hamdiya alimuuliza kama anaona nafuu, naye akasema alhamdulillahi, anaona.

Alhamisi ya tatu, mwalimu alipokwisha kuondoka, simu ya Thani iliita. Ilikuwa alasiri. Hamdiya yuko jikoni anaiosha ile sahani, bomba linamwaga maji. Uso wa Noof ulitokea kwenye kioo, nywele zimekatwa, nyuma yake ukuta asioujua.

"Babu! Umemwambia Bibi?"

Thani alitazama upande wa jikoni. Akaisogeza simu mdomoni.

"Nimemwambia."

"Kweli? Kasemaje?"

"Kasema sawa. Kasema weye si mwongo."

Noof aliitupa simu. Thani alisikia miguu inakimbia juu ya mbao, sauti yake ikimwita mama yake kwa lugha nyingine, mara mbili, mara tatu, na lile cheko. Kisha miguu ikarudi mbio na uso ukajaa kwenye kioo, unahema.

"Mama analia, lakini anacheka. Anauliza tuje lini, Babu? Tuje kesho?"

Thani aliisogeza simu mbali, akasema mtandao unakatika, hasikii vizuri. Akakata. Ikaita tena, akaizima kabisa.

Maji ya bomba yalinyamaza. "Nani huyo?" Hamdiya akauliza kutoka jikoni.

"Wamekosea nambari," akasema Thani.